Uzi Mwekundu Ndani ya Joho

Kuna watu hulewa pombe, na kuna watu hulewa sifa. Huyu fundi wetu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, lakini sifa, ee, sifa alizinywa asubuhi, mchana na jioni, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amelewa.

Wateja walimwita Fundi Mkasi. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa nalo. Alikuwa fundi cherehani wa aina ile anayekutazama ukiingia mlangoni na kuujua upana wa mabega yako kabla hujamsalimia. Hapimi mara mbili. Chaki ikigusa kitambaa, mkasi unafuata nyuma, kra, kra, kra, naye huyo anaendelea na soga za mpira. "Mkasi wangu ukishapita haurudi," alizoea kusema. Wateja walicheka, na kama hawakucheka aliirudia kauli hiyo mpaka wacheke.

Mkewe alikaa karibu na mlango, penye mwanga. Kazi yake ilikuwa vifungo, pindo, pasi, na kukagua kila nguo kabla haijatoka. Akiona kasoro hakusema neno. Alifunga kipande cha uzi mwekundu mahali penye kosa, mafundo mawili, akairudisha nguo mezani kwa mumewe. Walikubaliana hivyo mwaka wao wa kwanza wa ndoa, baada ya kugombana mbele ya mteja mpaka yule bwana akakimbia na suruali yenye mguu mmoja. Mchungaji aliposikia utaratibu huo alicheka sana, akasema ndoa nyingi zingepona kama kila nyumba ingekuwa na uzi mwekundu.

Sasa sikia yaliyotokea.

Miaka saba iliyopita kwaya ya kanisa lao ilileta kitambaa cha mahameli, rangi ya damu ya mzee, yashonwe majoho ishirini na manne. Walikuwa wanakwenda kuimba kwenye tamasha kubwa la makanisa. Mke wa fundi mwenyewe alikuwa humo, sauti ya pili, mstari wa mbele. Alikuwa na sauti, mama yule! Si ya kupiga kelele. Ni ile inayowashika wenzake wasianguke.

Mahameli si kitambaa cha kuchezea. Ina manyoya mafupi kama ya paka. Ukiyapapasa kwenda chini yanalala na kupauka, ukiyapapasa kwenda juu yanasimama na rangi inakolea. Ndiyo maana vipande vyote vya nguo lazima vikatwe vikielekea upande mmoja. Hilo hata anayejifunza wiki ya pili analijua, na Fundi Mkasi alilijua tangu hajaota ndevu. Lakini siku ile duka lilijaa, soga zimekolea, na mtu mmoja akamtania kwamba kitambaa kile hakitoi majoho ishirini na manne hata kwa muujiza.

"Hakitoi kwa mkasi wa nani?" fundi akauliza.

Akavipanga vipande kichwa kwa miguu, kimoja kikielekea mlangoni, kingine kikielekea ukutani, ili vibanane. Akakata. Majoho yakatoka ishirini na manne na kitambaa kikabaki. Watu wakampigia makofi, naye akainama kidogo.

Kesho yake mkewe alichukua joho moja lililokuwa bado halijatiwa bitana, kile kitambaa cha ndani, akasimama nalo mlangoni juani. Akaligeuza huku, akaligeuza kule.

"Baba, hebu njoo utazame hii kwenye mwanga."

Dukani kulikuwa na wateja watatu. "Mama, kazi yako vifungo na pasi," fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Mkasi niachie mwenyewe."

Wateja wakacheka, na mama akarudi na joho kitini kwake.

Fundi akayatia majoho bitana mbiombio chini ya taa moja hafifu ya dukani, yakachukuliwa. Huko kwenye tamasha ukumbi ulikuwa na taa kali. Kwaya iliposimama, kila mwimbaji alionekana upande wa kulia umekolea na wa kushoto umepauka, kama aliyeazima nusu ya joho kwa jirani. Mtu mmoja nyuma akacheka. Cheko likasambaa. Waimbaji wakaanza kujitazama nguo badala ya kumtazama mwalimu wao, na wimbo ukawaponyoka katikati.

Jumatatu mwalimu wa kwaya, bwana mfupi mwenye hasira za haraka, alifika dukani na wenzake watano na gunia. Akayamwaga majoho mezani.

"Fundi, hiki ni nini?"

Fundi alilichukua moja, akalipeleka mlangoni, na pale juani akaliona kosa lake lote kwa mtazamo mmoja. Alitakiwa kusema maneno mawili tu: nimekosea kukata. Badala yake mdomo ulimtangulia.

"Pasi hii. Mahameli haipigwi pasi upande wa uso, manyoya yanalala. Mke wangu ndiye aliyepiga pasi."

Wote wakageuka. Mkewe alikuwa ameshika sindano, uzi uko mdomoni. Alimtazama mumewe, akaendelea kumtazama, kama mtu anayengoja zamu yake kwenye foleni. Zamu haikufika. Akautoa uzi mdomoni.

"Nisameheni," akasema.

Na pasi hakuigusisha kwenye joho hata moja! Alikuwa ameyapitishia mvuke wa birika kwa ndani, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayeogesha mtoto mchanga.

Jina la Mama Pasi lilianza wiki ile ile. Kwanza lilikuwa utani, baadaye likawa jina. Kwaya haikumfukuza. Walimwachia tu nafasi pande zote mbili kwenye benchi. Mwezi haukuisha akaacha mazoezi, akasema kifua kinambana. Tangu hapo aliimba jikoni tu, chinichini, na akisikia mlango unafunguliwa ananyamaza.

Na fundi je? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, tena ya lami. Watu walipomuuliza habari za majoho alishusha sauti na kusema, "Ni mke wangu, nimeshamsamehe." Waliosikia wakaguswa. Mchungaji akamtolea mfano kwenye mahubiri: enyi waume, tazameni mwenzenu, kaaibishwa mbele ya makanisa yote na hakumpandishia mkewe sauti. Mwaka uliofuata wakamchagua mzee wa kanisa. Ndiyo, umesikia vizuri. Alipewa uzee wa kanisa kwa kumsamehe mkewe kosa alilolitenda yeye.

Utauliza aliwezaje kupata usingizi. Alijiambia kwamba mkewe hajui. Labda mwenyewe anaamini ule mvuke ndio ulioharibu. Kama anaamini hivyo, basi hajasingiziwa, amepatwa na bahati mbaya tu, na bahati mbaya humpata kila mtu. Juu ya godoro la wazo hilo alilala miaka saba.

Sasa tufike Ijumaa yenyewe. Jumapili inayofuata ilipangwa ibada ya shukrani kwa miaka ishirini na mitano ya ndoa yao. Fundi alishaandika ushuhuda wake, kurasa mbili, kuhusu neema ya Mungu katika ndoa. Mstari mmoja aliupenda kupita yote: mume mwenye hekima hufunika makosa ya mkewe kama bitana ifunikavyo mishono. Alikuwa ameusoma mbele ya kioo cha dukani mara tatu, na mara ya tatu alijiona ametisha.

Mwalimu wa kwaya akaingia na lile gunia.

"Mzee wetu, yale majoho ya balaa yamerudi! Yamekaa stoo mpaka panya wameyachoka. Kamati inasema uyageuze yawe foronya za mito ya viti vya wazee. Na wewe utakalia moja." Akacheka, akatazama kiti kilichokuwa karibu na mlango. Kilikuwa kitupu, mama alikwenda hospitali na akina mama wenzake kuwaona wagonjwa. "Mwambie Mama Pasi hizi asizisogelee."

Fundi naye akacheka. Alicheka, kabisa.

Alipobaki peke yake alichukua la kwanza, akafumua bitana. Ndani, kwenye mshono wa kipande cha mbele cha kushoto, palikuwa na uzi mwekundu. Mafundo mawili. Juu ya rangi ya damu ya mzee ulionekana kwa shida, ukabidi aupapase kwa kidole.

Akafumua la pili. Upo. Akafumua la tatu huku akiomba usiwepo, nao upo. Hakuacha mpaka alipomaliza yote ishirini na manne, na katika kila moja uzi ulikuwa pale pale, kwenye kipande kile kile alichokilaza kichwa chini. Akaketi sakafuni, yeye mzee wa kanisa, katikati ya mahameli.

Kwa hiyo mkewe alijua. Alijua kabla majoho hayajatoka. Alijua siku ile aliposema "Nisameheni". Alijua Jumapili zote alizoitwa Mama Pasi akaitika. Na kila jioni mezani kabla ya chakula alikuwa akiomba, "Bwana, ibariki mikono ya mume wangu." Mikono hii hii! Na yeye fundi, mara ngapi amemtania huku anakunywa chai: "Mama, shati langu la Jumapili taratibu, usije ukanifanyia ya mahameli." Mama hutabasamu, hulikunja shati, humletea. Fundi alisikia uso unamwaka moto, na dukani hakukuwa na mtu wa kumwona. Aliona haya mpaka kwa cherehani.

Kulala hakulala. Jumamosi asubuhi alimkuta mkewe jikoni, sinia la mchele magotini, anachambua. Akaweka leso mezani na kuikunjua. Nyuzi ishirini na nne.

"Umezitoa wapi?" mama akauliza.

"Ndani ya bitana." "Kumbe ulijua."

"Mimi ndiye niliyezifunga, baba. Wewe ndiye uliyeziona ukazishonea ndani."

Fundi alishtuka. "Nizione wapi? Haki ya Mungu, nimeziona jana!"

Vidole vya mama vikasimama juu ya mchele. "Hukuziona?"

"Sikuziona. Taa ile, rangi ile, haraka..." Akatikisa kichwa. "Hapana. Nisiongeze uongo mwingine. Sikuziona kwa sababu sikutazama. Sikudhani kama wewe unaweza kuona kosa kwenye mkasi wangu."

Mama aliutazama mchele wake. Kisha akaguna, karibu acheke.

"Basi nimekusamehe zaidi ya ulichokosa. Mimi nilidhani uliziona, ukalifunika kosa kwa makusudi, halafu ukanitwika. Hilo ndilo nililokuwa nikilipigia magoti."

"Na uliwezaje, mke wangu?"

"Sikuweza." Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Usinifanye malaika. Mwaka wa kwanza wote nilikuchukia. Nilikupikia chai huku nikiomba ikuunguze ulimi. Nilikuwa namwambia Mungu akuaibishe, na Mungu kimya. Siku moja nafua shati lako nikakumbuka mambo yangu mimi, usiyoyajua wala sitakwambia, ambayo Mungu alinisamehe bila kunisimamisha mbele ya kwaya. Nikaona, ah. Nikaanza kukuombea hiyo mikono. Mwanzoni niliomba meno nimeyauma. Baadaye ikawa kweli."

Fundi akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya jikoni. "Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Zamani."

"Kwa hiyo yamekwisha?" Tumaini lililokuwa ndani ya sauti yake alilisikia mwenyewe, na halikumpendeza. Hata hivyo akaendelea. "Kesho basi nisiseme mengi. Nimshukuru Mungu tu kwa ajili yako, tukae."

Mama akasimama na sinia lake.

"Baba, hukunisingizia jikoni."

Akaumimina mchele kwenye sufuria, akaenda kuteka maji.

Jumapili kanisa lilijaa. Kwaya ilivaa majoho mapya. Mchungaji akawaita maharusi wa miaka ishirini na mitano mbele, watu wakashangilia. Fundi alivaa suti aliyoishona mwenyewe, kurasa mbili mfuko wa kulia, leso mfuko wa kushoto.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Akatoa kurasa. Akaanza kusoma, maana mwoga ni mwoga hata ndani ya suti. Akasoma jinsi walivyooana, watu wakatabasamu. Akasoma jinsi walivyoanza na cherehani moja ya miguu, wakasema amina. Akafika kwenye mume mwenye hekima anayefunika makosa ya mkewe. Macho yakakwama hapo. Mwenyekiti wa akina mama, mstari wa mbele, alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali, maana alijua ni makosa gani yanayozungumzwa. Wote walijua.

Fundi akazikunja kurasa. Akatoa leso.

"Mnayakumbuka yale majoho ya mahameli," akasema. "Hayakuharibiwa na pasi. Niliyakata mimi vibaya, kwa kutaka sifa. Mke wangu aliona mapema, akaniita nitazame, nikamfanya kichekesho mbele ya watu. Kila joho alilitia alama ya kosa. Nyuzi ni hizi. Mlipokuja kuniuliza nikamsingizia. Pasi haikuyagusa. Mkanipa uzee wa kanisa kwa kumsamehe. Yeye ndiye aliyekuwa akinisamehe mimi."

Hakuna aliyesema amina. Mtoto alikohoa, akanyamazishwa. Mtu upande wa kushoto akaguna, "Mh!" na lile guno likamwingia fundi mpaka mifupani. Aliona nyuso alizozipima zote, mabega yote aliyoyajua kwa kutazama tu, na hakuna uso hata mmoja uliokuwa ukimsifu.

"Nilitaka nimshukuru Mungu kwa neema yake," akaendelea, sauti imepasuka. "Nilikuwa nasikia neema kwenye mahubiri. Kumbe nilikuwa nakula nayo meza moja, na ninaitania. Nimeona haya. Sina kingine cha kusema. Nimeona haya, na nashukuru."

Mwalimu wa kwaya akasimama kutoka kwenye kinanda. Zile hasira zake hazikuonekana.

"Mama P..." akaanza, akakwama.

Akajaribu tena, akakwama tena. Akageuka kuitazama kwaya, nao wakaangalia chini. Kwa miaka saba walikuwa wamelitumia jina moja tu, na leo halikuwa jina, wala hawakuwa na jingine. Kanisa zima lilikaa na aibu hiyo kwa muda, na fundi akajua kwamba hata hiyo aliishona yeye.

"Dada yetu," mwalimu akasema mwishowe. "Tulikuachia nafasi pande zote mbili. Tusamehe."

Akaashiria kwa mkono. Mstari wa mbele wa sauti ya pili ukasogea, ukaacha nafasi ya mtu mmoja tu.

Mama hakwenda mara moja. Alimgeukia mumewe kwanza. Kola ya koti ilikuwa imekunjika upande mmoja. Akainyoosha, akaipapasa mara moja, kisha akapanda kwenye kwaya na gauni lake la kawaida, akasimama katikati ya majoho. Walipoanza kuimba fundi aliisikia ile sauti ambayo kwa miaka saba aliipata kwa kupitia ukuta wa jikoni. Alilia. Si machozi ya kupendeza, ni yale ya makamasi, na leso ilikuwa imejaa nyuzi. Alipoweza kutembea hakwenda kwenye kiti chake cha mzee wa kanisa. Aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na mchungaji hakumzuia.

Jumatatu alifungua duka kama kawaida, ila mkasi aliuhisi mzito. Wateja watatu waliingia mapema kuliko ilivyo desturi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nguo ya kushona. Walikuja kumtazama. Fundi alijua, akainamia kazi yake.

Mkewe alichukua koti lililokuwa tayari, akasimama nalo mlangoni, akaligeuza huku na kule. Akakata kipande cha uzi mwekundu, akakifunga kwenye mkono wa koti. Akaliweka mezani, mbele ya wateja wote watatu.

Fundi akaweka mkasi chini. Akalibeba koti mpaka mlangoni, kwenye mwanga.

"Wapi, mama?"

"Hapo. Mkono umepinda."

Akatazama. Akatazama mara ya pili.

"Kweli. Nimekosea," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Asante."

Akarudi mezani, akaanza kufumua. Kazi ya kufumua ni ya polepole na haina sifa yoyote. Mama alikaa kwenye kiti chake, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kuimba chinichini. Mlango ukafunguliwa, mteja wa nne akaingia, na mama hakunyamaza.